Wamakonde tunachonga mpingo, wenzetu wanachonga theluji: anayejipanga kwenda apitie hapa

#1 Mchonga_Ligula
Wakuu, salaam. Kuna kundi la wachongaji wa theluji, wale wa ubao mmoja miguu yote miwili, wamepanga kukutana wiki nzima Uswisi mwishoni mwa Januari. Si mashindano. Asubuhi wanachonga, mchana wanaazimana mbao, jioni wananoa. Kutoka huku Kusini tuko wanne tumeshasema twende.

Kwa mgeni wa mambo haya: kuchonga ni kukata kona kwa ukingo wa chuma peke yake, ubao usiburuzike kwa ubavu hata kidogo. Ukigeuka nyuma unaona mstari mwembamba kama umechorwa kwa kisu. Ukiona njia pana, hujachonga, umefagia.

Madai yangu ni haya: mtu wa Mtwara akifika kule kinachomwangusha si ufundi, ni buti. Buti ngumu za plastiki zikikaa kwetu miaka, siku ya kwanza kwenye baridi zinapasuka. Na asiyepasukiwa anaangushwa na kona ya kisigino, ile ya kuinamia upande wa visigino. Kwa hiyo buti kwanza, visa baadaye. Nani anabisha?

#2 Kusi_na_Kaskazi
Ngoja nivute kiti. Mmakonde kaacha mpingo anakwenda kuchonga maji yaliyoganda. Kinyago utauza, hiyo utauza nini?

#3 DadaNachingwea
Nabisha mimi. Visa kwanza. Uswisi iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye visa moja. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 ila wanaruhusiwa kufika 45. Ada ya mtu mzima yuro 90. Pasi isizidi miaka 10 tangu itolewe, iwe na kurasa 2 tupu, na iendelee kuwa hai miezi 3 baada ya kutoka kule.

Wachongaji wanaumia kwenye bima. Inatakiwa ifunike matibabu ya yuro 30,000 kwa uchache, na za bei rahisi zinapita. Lakini chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani, huwa wameandika michezo ya theluji haimo. Visa utapata, mguu ukivunjika unajilipia. Tafuta kipengele cha michezo ya majira ya baridi, na uone kama kushushwa mlimani kwa helikopta kumo.

Anayetegemea hela ya korosho: minada inaanza Oktoba, na taarifa ya benki huangaliwa. Usipeleke akaunti yenye vumbi.

#4 Mzee_wa_Salfa
Mnahangaikia Schengen ya nini wakati theluji iko Lesotho? Kituo cha Afriski, pale Mahlasela, juu ya mita 3,000. Msimu wake Juni mpaka Agosti. Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila visa mpaka siku 90. Unatua Johannesburg, unachukua gari, unavuka mpaka Caledonspoort, unapita Butha-Buthe, unapanda Moteng, umefika. Mbao na buti za kukodi zipo palepale.

#5 MwanaMikindani
Mzee wangu, kwa jina hilo ulilojipa, Julai nani atakupulizia mikorosho?

Halafu Lesotho ni pazuri kwa anayejifunza, kwa kuchonga pana walakini. Mteremko mkuu ni kama kilomita moja, na theluji yake kwa sehemu kubwa inatengenezwa na mashine usiku, kwa hiyo ni ukanda mwembamba, pembeni majani makavu. Ubao ambao mkato wa ubavu wake, yaani ule upinde wa ukingo, una nusu kipenyo (R) cha mita 13, kona moja kamili tu inakula upana wa mita 15 mpaka 20, na wewe unahitaji kona mbili na nafasi ya kumkwepa anayejifunza. Ukilala mnakutana na wavu. Pale nenda na ubao wa R 8 au 9.

Jambo jingine ni kimo. Kutoka usawa wa bahari mpaka mita 3,000 kwa siku moja kichwa kitagonga. Zinal ya Uswisi, ambako mtindo wa kuchonga ukiwa umelala chali na kifudifudi ulikulia, kijiji kipo juu kidogo ya mita 1,600. Usiku unalala vizuri.

#6 Fundi_Chuno
Turudi kwenye buti za mleta mada, maana amesema kweli ila sababu hajaitaja. Magamba mengi ya buti ngumu ni poliyurethani. Aina fulani ya plastiki hii inaliwa na unyevu: mvuke wa maji unaingia ndani na kukata minyororo yake pole pole. Kinachoharakisha ni joto. Sasa taja mahali penye joto na unyevu mwaka mzima kuliko kabati la Shangani mita mia kutoka baharini. Nje buti inang'aa, ndani imeshakuwa biskuti. Ndiyo maana ya mwaka 2005 iliyokaa Uswisi inaweza kuwa hai na ya 2012 iliyokaa Mtwara imekufa.

#7 Kusi_na_Kaskazi
Mimi nasema jua. Watu wanaanika buti juani kutoa harufu ya soksi, wanazisahau barazani mpaka Ijumaa. Miale ndiyo inayokausha plastiki. Unyevu ungekuwa mchawi, ndoo za plastiki za Mikindani zote zingekwisha.

#8 Fundi_Chuno
Ndoo ni polithini, mkuu, haina uhusiano. Hiyo maji hayaifanyi kitu. Usichanganye ukoo.

#9 Lindi_Mtanda
Zote mbili zina ukweli lakini mmeruka baridi yenyewe. Plastiki yoyote hukakamaa ikipoa. Gamba lililochoka kwa nyuzi 30 bado linapinda, unalivaa sebuleni unaona zima. Kwa −10, ambayo ni asubuhi ya kawaida Januari kule, halipindi tena, linavunjika. Kwa hiyo kulijaribu Lindi ni kujidanganya.

Jaribio: liweke kwenye friza la mwenye bucha au muuza samaki usiku kucha, −18 inatosha. Asubuhi fungua bizimu zote, vuta ulimi mbele kwa nguvu, bonyeza kwa kidole gumba pale misumari ya bizimu inapoingia na pale kisigino kinaposhikwa na kifungio cha ubao. Ufa wa nywele ukitokea sehemu hizo mbili, limekwisha. Bora livunjikie bucha.

#10 DadaNachingwea
Ongeza: soli ikiacha unga kidoleni au ikinata kama ubani, usisubiri friza. Na ugonjwa ni huohuo kwa jaketi za mtumba. Robota likifunguliwa mnakimbilia jaketi za theluji, geuzeni ndani kwanza. Utando ukibanduka kama ngozi ya nyoka, au ule mkanda uliobandikwa juu ya mishono ukiwa umeachia, hiyo ni koti la pikipiki, siyo la theluji. Mchongaji anagusa chini kwa nyonga na mkono kila kona, maji yanaingia dakika ya kumi.

Ndani usivae pamba. Sufu au poliesta. Pamba ikilowa jasho hailikaushi, inalibeba.

#11 Mchonga_Ligula
Asanteni, friza nimelipenda. Sasa kona ya kisigino. Kona ya vidole ubao unashika, ya kisigino unaachia ghafla. Nini?

#12 MwanaMikindani
Buti inagusa theluji. Hesabu yake rahisi. Chukua kimo cha soli kutoka tumbo la ubao, yaani upande wake wa chini, gawa kwa urefu wa kisigino kilichotokeza nje ya ukingo, unapata tanjiti ya mwinamo. Soli ikiwa sentimita 3 juu na kisigino kimetokeza 2, ubao ukifika mwinamo wa nyuzi 56 kisigino kinakaa chini na ukingo unanyanyuka. Hakuna onyo, unajikuta chali. Na kwa kuwa ukingo huzama kidogo kwenye theluji, kiuhalisia unagusa mapema zaidi.

Dawa ni tatu. Ongeza pembe ya miguu mpaka kisigino kiingie ndani: wa buti laini mguu wa mbele 30 na zaidi, wa buti ngumu 55 mpaka 65 kulingana na upana wa ubao. Au ubao mpana. Au vipande vya kunyanyulia chini ya vifungio: soli ikipanda hadi 4.5, palepale unapata nyuzi 66.

#13 Mzee_wa_Salfa
Mnapima soli wakati mtu amekaa kama yuko chooni. Kona ya kisigino wengi wanatoa makalio nje, mgongo umepinda, macho yanatazama ncha ya ubao. Uzito unabaki ndani ya kona badala ya juu ya ukingo. Nyoosha nyonga, geuza kifua na macho kule kona inakoishia kabla ubao haujafika. Mwanzoni mwa kona, siyo katikati. Kisigino hakina kifundo cha kupooza makosa kama vidole, ndiyo maana upande ule unasamehe na huu hausamehi.

#14 Hesabu_Masasi
Au anakwenda kasi kuliko ubao wake. Ubao ukiinamishwa, nusu kipenyo cha kona ni R mara kosaini ya mwinamo. Ukiweka kwenye hesabu ya kani za mzunguko, kasi ya mizani, ile inayokuweka bila kuanguka, inatoka kuwa kipeuo cha pili cha 9.81 × R × saini ya mwinamo. R 10 kwa nyuzi 60 ni mita 9.2 kwa sekunde, yaani kilomita 33 kwa saa. R 14 kwa mwinamo uleule ni kilomita 39. Hata ulale kabisa, R 10 haivuki 36. Mtu anapita 45 na ubao wa R 10, anashangaa nini?

#15 Fundi_Chuno
Hesabu safi lakini umeifanyia uwanja wa mpira wa Nangwanda. Mlima una mteremko. Nusu ya juu ya kona mlima unakupunguzia mzigo, nusu ya chini unakuongezea. Kwa hiyo 33 yako juu ya kona ni salama, chini ya kona imeshazidi. Na ubao hukunjika zaidi ya R iliyoandikwa theluji ikiwa laini. Chukua namba yako kama alama ya mahali pa kuanzia.

Ila kabla ya yote angalieni kingo zenyewe. Chumvi ya hewa ya hapa ndani ya wiki moja inaweka kutu. Mtu anafika kule, anapiga tupa haraka haraka, kutu inatoka lakini kunabaki kijiukingo cha chuma kilichojikunja. Ukipitisha ukucha kutoka tumboni kwenda nje unakwama, ukipitisha upande wa pili haukwami. Ukingo wa hivyo unashika mara moja, unaachia mara moja. Ni palepale anaposema "ghafla".

Utaratibu: funga ubao, weka kiongozi cha tupa cha nyuzi 88 kwa ubavuni, tupa ielekee upande mmoja tu, usiende na kurudi kama msumeno. Mikono mirefu, nguvu kidogo. Kisha jiwe la almasi lililoloweshwa maji, mapito matatu manne, mpaka ukucha usikwame pande zote. Upande wa tumbo nyuzi 1 au nusu, na huo usiuguse kila wiki. Chuma chenyewe kina unene wa kama milimita 2, ukikinoa kwa hasira msimu mmoja umekimaliza. Ubao wa kuchonga usipunguzwe makali kwenye ncha na mkiani zaidi ya sentimita chache. Wanaofuta makali robo ya ubao wamefuta robo ya kona.

#16 MwanaMikindani
Nyuzi 88 kwa anayeanza ni kumtafutia ajali, aanze na 89.

#17 Fundi_Chuno
Anayeanza hatoki Mtwara kwenda Uswisi kwenye kundi la wachongaji, mkuu.

#18 DadaNachingwea
😂 Hapo kakubana. Ila mzee wa #13 bado hajajibiwa.

#19 Lindi_Mtanda
Kutunza ubao mwaka mzima huku: kausha kwa kitambaa, yeyusha nta nene tumboni mpaka ifunike kingo, usiikwangue, iache hivyo. Huna nta, paka mafuta ya cherehani kwenye kingo. Usiufunge kwenye nailoni ukiwa na unyevu, unatoa jasho humo ndani. Usiuweke darini chini ya bati.

Kuyeyushia nta, pasi ya nguo inafaa, isiwe ya mvuke, na iwe imestaafu nguo. Ikitoa moshi, punguza moto. Usiisimamishe mahali pamoja hata sekunde tatu, itembee kichwa mpaka mkia. Kabla ya pasi weka vifungio pembeni, maana skrubu zikiwa zimekazwa tumbo linabonyea pale na pasi inayachoma mabonde. Nta ya −10 ni ngumu kama mfupa, ikwangue ingali na uvuguvugu ndipo umalizie kwa brashi.

#20 Kusi_na_Kaskazi
Pasi ya mkaa je?

#21 Lindi_Mtanda
Hiyo choma nayo muhogo.

#22 Hesabu_Masasi
Usafiri haujaguswa. Ndege za Mtwara kwenda Dar nyingi ni za mapanga, nafasi yake ya mizigo ndogo. Mfuko wa sentimita 180 usiende nao kaunta kama mshangao, uandikishe siku unakata tiketi, la sivyo unaachwa uje na ndege ya kesho. Anayepanda basi, ni kilomita kama 560, ubao ulale chini kabisa ya buti la gari ukiwa bapa, siyo kusimama, na mwambie kondakta magunia yasikae juu. Kingo zivishe mpira wa bomba la maji uliopasuliwa kwa kisu urefu wote.

Buti vaa au beba mkononi. Ubao ukipotea utaazimwa, buti iliyokaa mguu wako haiazimwi. Tupa, bisibisi na mkwanguo viende kwenye mzigo wa chini, mlangoni watakunyang'anya.

Beba skrubu nne za ziada za M6. Urefu ndio unaoleta balaa. Fupi zinang'oa nyuzi za tundu lake, ndefu zinasukuma tumbo la ubao kutoka juu na kutengeneza vipele vinne. Ukibadili kifungio au ukiongeza vile vipande vya #12, skrubu za zamani si zake tena. Pima upya.

#23 Mchonga_Ligula
Hili la skrubu wengi hawalijui. Na kule mlimani, kundi linaendaje? Watu ishirini wamelala kwenye mteremko mmoja si vurugu?

#24 MwanaMikindani
Ndiyo maana wanatoka lifti ya mlimani inapofunguliwa. Mashine imesawazisha usiku, theluji ina mistari kama kitambaa cha kodrai, hakuna mtu. Saa mbili za mwanzo ndizo za kuchonga, saa tano imeshachimbika na jua likiingia inakuwa uji.

Aliye chini yako ana haki ya njia, hata kama amesimama kizembe. Mchongaji ana tatizo la pekee: anakata mteremko ukingo hadi ukingo, na mara nyingine kona inamrudisha juu kidogo, kwa hiyo anayeshuka nyuma hawezi kumkisia. Tazama juu kabla ya kila kona ya kisigino, pale mgongo wako unaelekea bondeni na huoni kitu. Aondoke mmoja, mwingine ahesabu kona tatu nne ndipo afuate. Kusimama, pembeni kabisa na upande wa chini wa waliokwisha kusimama, ili ukiteleza usiwafagie. Kofia ngumu yenye alama ya EN 1077, na glavu za ngozi nene, zile za kitambaa zinachanika siku mbili kwa kuburuza.

#25 Kusi_na_Kaskazi
Huu mchezo nauheshimu tangu yule dada wa Ucheki achukue dhahabu ya ubao na ya skii mbili kwenye Olimpiki moja, Sochi 2014.

#26 Hesabu_Masasi
Pyeongchang 2018. Ester Ledecká. Skii ilikuwa super-G, ubao ilikuwa slalomu kubwa ya sambamba. Sochi alikwenda kwa ubao tu.

#27 Kusi_na_Kaskazi
Nimepokea. Miaka minne tu, si dhambi.

#28 Mzee_wa_Salfa
Wakenya Philip Boit aliwafungulia mlango kwa skii Olimpiki ya Nagano 1998, sisi bado tunabishana soli.

#29 Rondo_Mtiki
Nauliza kama mtu wa mbao. Ndani ya huo ubao kuna mti gani? Mchonga kaanza na mpingo, je mpingo hauwezi?

#30 Fundi_Chuno
Mpingo unazama majini, mkuu, mita moja ya ujazo ina zaidi ya kilo 1,100. Utachonga mpaka kiini cha dunia. Moyo wa ubao unataka mti mwepesi unaorudi ukipindwa: popla ndiyo ya kawaida, kilo 400 na kitu. Paulonia nyepesi zaidi. Mwanzi pia hutumika. Ule ubao mgumu wa wachongaji huwa wanachanganya vipande vya mti mgumu kidogo chini ya miguu ili skrubu zishike.

#31 Rondo_Mtiki
Mtiki wa huku Rondo je? Unapinda na hauliwi na wadudu.

#32 Lindi_Mtanda
Una mafuta. Gundi ya epoksi haiushiki vizuri bila kuufuta kwa asetoni na kubandika hapohapo. Na ni kilo 600 na zaidi, utaubeba kwenye lifti mpaka goti liseme. Vipande viwili vyembamba pembeni labda, katikati weka kitu chepesi.

#33 Fundi_Chuno
Pembeni mtiki naona unafaa kweli, unyevu hauuingii haraka. Nani ana mwerezi au mgunga mwepesi wa kulinganisha?

#34 Mzee_wa_Salfa
Mmeanza kutengeneza kabla hamjajua kukaa. Nyonga, jamani. Nyonga.

#35 Mchonga_Ligula
Nimetoka kwa muuza samaki sasa hivi. Kasema buti zinaingia friza ila zisiguse samaki changu, na nimlipie nafasi ya kilo tano. Kesho asubuhi naweka picha hapa, zikiwa nzima au vipande.

#36 Kusi_na_Kaskazi
Zitakuja Uswisi zinanuka changu. Watakupisha njia wenyewe.